Taa za Landrova ya jeshi

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na barabara ya Arusha kwenda Namanga ikakosa kazi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa hapo hapo Arusha, ilikuwa inakata roho. Mabasi ya Nairobi yakakoma, malori ya mizigo yakakoma, na sisi wa Oldonyo Sambu, mwendo wa kilomita thelathini hivi kutoka mjini, tukabaki tunatazama barabara kuu isiyopitiwa na kitu. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Ndiyo maana upande huu wa Meru kuna rika zima la watu, leo wana miaka hamsini na kitu, ambao walichunga mbuzi kando ya njia kuu ya kimataifa na bado magari ya utoto wao wanaweza kuyahesabu. Katika hayo machache, linalosimuliwa kuliko yote ni la jeshi.

Langu lilikuwa Landrova. Siku hizi ninaijenga kwa bati, kwa kipimo cha moja kwa kumi, kwenye meza ya jikoni ambayo wenye nyumba wameniachia kwa shingo upande. Wapo wanaoniuliza kama sina kazi. Mzee mmoja wa kijiweni kwetu aliigeuza ile chasisi mkononi, akataka kujua ni mjukuu yupi ninayemtengenezea. Nilipomjibu kwamba ni yangu mwenyewe, aliirudisha mezani kwa adabu kubwa na kuanza kuzungumzia mvua.

Namwelewa. Kwetu gari la kuchezea ni la mtoto, na mtoto hujitengenezea mwenyewe: waya wa seng'enge au wa hanga, vikopo vya rangi ya viatu kwa matairi, fimbo ndefu yenye usukani juu, halafu unalikimbiza huku mdomo ukiunguruma badala ya injini. Ukishatahiriwa unaliacha, na hakuna anayekuuliza limekwenda wapi. Mtu mzima akirudi kwenye bati na mkasi anaonekana amerudi nyuma. Mimi nasema kazi hii ni ya mtu mzima hasa, maana mtoto hana haja ya kukumbuka kitu ambacho kesho atakiona tena barabarani.

Kumbukumbu ni hodari wa kusimulia na mvivu wa kupima. Mwulize mtu wa rika langu kuhusu gari la jeshi atakusimulia mpaka chai ipoe: vumbi, mlio, askari waliorusha biskuti, mbuzi waliotawanyika. Mpe mkasi wa bati umwambie akate mlango, na hapo ndipo anapokwama. Sehemu ya juu ya mlango ilikuwa kioo cha kusukuma pembeni, au haikuwapo kabisa? Tairi la spea lilikaa juu ya boneti au nyuma? Mabomba ya kubebea turubai yalikuwa mangapi? Na taa za mbele: zilikuwa katikati, zimebana rejeta kushoto na kulia, au zilikuwa zimesogea nje kwenye madigadi?

Hilo la taa si la kupuuza, na inabidi nilieleze kwa kirefu kidogo. Landrova ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilitolewa kwa mgawo, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu, na rangi ya kijani ya mwanzo ilitokana na mabaki ya rangi ya ndege za kivita. Lile refu ambalo watu wetu wanaliita wani-o-naini lina inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kwa miaka mingi taa zake kubwa zilikaa katikati, karibu karibu, uso ukaonekana kama wa mtu aliyekunja paji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kikazihamishia kwenye madigadi, na toleo la tatu, lililotoka 1971, lilizaliwa nazo huko huko nje.

Sasa itazame hiyo miaka kwa jicho la Tanzania. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Jeshi la zamani likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi. Desemba 1965 tulivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ukarudishwa 1968. Katikati hapo Wakanada walikuja kutufundishia maafisa, wakaondoka 1970, na Wachina wakashika usukani wa mafunzo na silaha. Kwa hiyo Landrova yenye taa za katikati, ikipita Oldonyo Sambu mwaka 1978, ingekuwa gari la zamani, lililoishi na jeshi hilo karibu tangu utoto wake. Yenye taa za nje ingekuwa imenunuliwa baada ya ugomvi kwisha, na jeshi ambalo vifaru vyake vilitoka China lakini bado liliona hakuna anayemshinda Mwingereza kwa gari dogo la porini. Kisahani cha bati chenye upana wa sentimita mbili kinabeba habari zote hizo, na mimi sijui nikipachike wapi.

Nililipeleka swali kijiweni. Kijiwe kikagawanyika, na ikawa raha. Mmoja aliapa taa zilikuwa katikati kwa sababu usiku gari lilipokuwa mbali ulidhani ni pikipiki. Hoja hiyo ni nzuri, niliiandika. Mwingine alisema zilikuwa nje, anazikumbuka vizuri siku msafara wa mazishi ya Sokoine ulipopita. Tukamwacha amalize, kisha mtu akamwuliza ulipita wapi. Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki Aprili 12, 1984 kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akazikwa kwao Monduli Juu, na njia ya Monduli inashika upande wa Kisongo. Kwetu haipiti. Yule bwana hakuwa anadanganya. Aliona msafara, aliona Landrova, alilia kama nchi nzima ilivyolia, na miaka arobaini imevishonea vyote shuka moja. Kama tusingekuwa tunabishania mahali pa kutoboa tundu kwenye bati, angeendelea nao hivyo hivyo mpaka kaburini, na wajukuu zake wangeurithi.

Hiyo ndiyo faida ninayoitetea. Hadithi haiulizi swali la ziada. Bati linauliza.

Kuhusu kazi yenyewe, niseme machache kwa wenye mikono inayowasha. Kipimo cha moja kwa kumi nilikichagua kwa sababu ya ndala. Tairi la Landrova ya jeshi lina kimo cha sentimita 80 hivi, kwa hiyo kwangu ni sentimita 8, na duara la sentimita 8 linaingia sawasawa kwenye kichwa cha ndala ya mtu mzima. Ukililenga vizuri, lile tundu la kamba ya kidole linaangukia katikati na kuwa tundu la ekseli. Watoto wote wa Afrika Mashariki wanalijua hilo bila kufundishwa. Upande wa kisigino haufai, ni mwembamba. Kwa hiyo ndala moja hutoa tairi moja, na Landrova ina matano pamoja na la spea, wakati ndala huja mbili mbili. Mwenye nyumba aliyebaki na mguu mmoja wa ndala atakuambia sanaa ina gharama.

Kutoka hapo kila kitu kinafuata. Ekseli hadi ekseli ni sentimita 27.7. Urefu wote ni 44 na ushee. Bodi ni bati la makopo ya mafuta ya kula, lililonyooshwa kwa nyundo ya mbao juu ya kipande cha reli. Vichwa vya ribiti, ambavyo Landrova imejaa navyo kama shati la bendi lilivyojaa vifungo, havibandikwi: unalilaza bati juu ya mpira, unadonoa kwa msumari butu kutoka ndani, na kwa nje kinachomoza kichwa kidogo. Viungo vinashikwa kwa lehemu. Fundi mmoja wa gereji bubu kule mtaa wa Unga Limited alinionesha jinsi ya kulipasha bati lenyewe badala ya kuipasha lehemu, na tangu hapo viungo vyangu vimeacha kufanana na mate ya konokono.

Turubai lilinitesa kuliko bodi. Turubai la kweli lina unene wa milimita moja tu hivi, kwa hiyo langu lingetakiwa kuwa sehemu ya kumi ya hapo, na hakuna kitambaa kigumu chenye wembamba huo. Kaki ya sare za shule, ukiivika gari la ukubwa huu, inasimama kama zulia. Iliyokubali ni pamba ya shuka kuukuu, iliyochakaa hadi mwanga unapita, ikachovywa kwenye gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji na kuachwa ikaukie juu ya mabomba. Inalegea kati ya bomba na bomba vile vile inavyotakiwa. Vumbi nalo lina hila yake. Nilidhani nitachota la kwetu, lile jepesi la majivu ya Meru linaloingia hadi kwenye masikio, na kulinyunyiza. Kumbe chembe za mchanga hazipungui kwa sababu gari limepungua. Kila chembe ilionekana kama kokoto. Inabidi litwangwe kwenye kinu na kuchekechwa kwa kitambaa, ndipo lifanane na lenyewe.

Juu ya turubai hilo ndipo nilipogundua jambo ambalo nadhani ni la watu wa milimani peke yao. Mtoto wa mjini analikumbuka gari kutoka chini: matairi, bampa, moshi, buti za askari zinazoning'inia nyuma. Akiwa mtu mzima na kuuona mfano mezani, anautazama kutoka juu, na haufanani na chochote alichowahi kuona. Sisi malayoni, wavulana ambao bado hatujatahiriwa, tuliokuwa na mbuzi kwenye miinuko tuliyaona magari kutoka juu kwanza, yakiwa madogo, turubai likipwaya kwa upepo, kabla hatujateremka mbio kwenda kuyaona makubwa. Mfano uliowekwa mezani unanirudishia macho yaleyale. Sijawahi kusoma mahali popote mtu wa ulimwengu wa mifano akilizungumzia hilo, na nadhani ni kwa sababu wengi wao walikulia tambarare.

Maana huko nje ni ulimwengu kweli. Wajapani wa Tamiya, walipotengeneza kifaru chao cha plastiki cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, walikipa ukubwa wa kutosha kuingiza betri ndani kiweze kutembea. Walipopiga hesabu baadaye wakakuta ni moja kwa 35 hivi, na leo kipimo hicho kilichotokana na betri ndicho kinachotumiwa na makampuni ya dunia nzima kwa magari ya vita. Ukitaka Landrova ya jeshi ndani ya boksi utaipata. Utapata, kwa mfano, ile ya makomando wa Uingereza iliyopakwa rangi ya waridi ili ipotelee jangwani. Zilitengenezwa 72 mwaka 1968 kutokana na 109 hii hii yetu, na zilifanya kazi Oman, nchi yenye Waswahili wengi wanaoweza kukusimulia habari zake. Mtoto wa mtaa wa Sakina mwenye mjomba Ulaya anaweza kuletewa boksi hilo, akapaka rangi ya waridi kwa uhakika wa mia kwa mia, kwa sababu picha zipo, vipimo vipo, vitabu vipo.

Ya kwetu haina boksi. Wala sioni aibu katika hilo, maana kuijenga kutoka sifuri ni raha zaidi. Kinachonikera ni kwamba haina picha pia. Sote tumekua tukipita mbele ya kibao cha eneo la jeshi kinachokukataza kupiga picha, na ni sawa. Nchi ina siri zake. Raia wa hapa ana mazoea ya kugeuza macho pembeni. Agosti 2023 jeshi lilipotoa siku saba kwa raia wenye mavazi yanayofanana na sare zake wayasalimishe, jirani yangu alinishauri kwa nia njema niisalimishe na Landrova. Nilimwambia haivaliki. Lakini ushauri wake unaonesha tulivyo. Gari lililotengenezwa wakati Nyerere ana nywele nyeusi, ambalo adui yeyote angeweza kulinunua dukani Nairobi, tunalinong'oneza kana kwamba liliingia nchini jana usiku.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Landrova. Yalikuja magari yapatayo elfu moja, lengo likiwa kuipiku rekodi ya Ujerumani ya msafara wa magari 632, na mji ulisimama. Nilifurahi. Yalikuwa magari ya watalii, ya mashamba, ya misheni, mengine yamepakwa milia ya pundamilia. Heshima waliyopewa madereva wa watalii siku ile waliistahili. Nilitafuta kwa macho ile ya kijani niliyokuwa nayo kichwani, na niliyemuuliza alinitazama kama ninayeuliza njia ya kwenda kambini.

Sasa kuna afande mmoja, mstaafu, anakaa juu kidogo ya barabara. Alikuwa kwenye vita ya Kagera. Nilikuwa nimemkwepa kwa muda, nikitaka kwanza gari lisimame kwa magurudumu yake ndipo nimpelekee, nikitegemea yeye ndiye atakayemaliza ubishi wa taa. Nilimkuta anapalilia. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini kama mtoto, ingawa nina mvi, kisha akalichukua gari na kulikagua pande zote. Nikamwuliza: Babu, zilikuwa wapi? Akasema hajui. Nikadhani hakusikia vizuri.

“Kijana wangu,” akaniambia, “mimi sikupanda gari. Sisi tulitembea.”

Na ni kweli, imeandikwa hata na wageni. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Oktoba 30, 1978, yakatangaza kuichukua ardhi yetu ya kaskazini mwa mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa. Serikali ilikusanya mabasi na malori ya watu binafsi na ya mashirika ili kusogeza askari na mgambo kwenda magharibi, maana magari ya jeshi hayakutosha hata kidogo. Januari 1979 vikosi vyetu vilivuka kwenda Mutukula, Februari vikaingia Masaka, Machi vikapigana na Walibya waliomsaidia Amin huko Lukaya, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa ya askari wa miguu walizimaliza kwa miguu, na mzigo mgongoni, wakati wa mvua. Wengine waliendelea hivyo hivyo hadi mpaka wa Sudan. Vifaru vilikuwapo, na mizinga, na yale maroketi ambayo Waganda waliyaita sabasaba na ambayo mtoto wa Masaka wa rika langu hawezi kuyasikia yakitajwa akatabasamu. Lakini afande wangu alipoulizwa vita ilikuwaje, alianza na soksi.

Hapo mtu angeweza kuniambia niliweke chini lile bati, kwamba nimejenga kitu kidogo kuliko vyote katika habari ile. Sikubali. Bila gari mkononi nisingekwenda kwake, na kama ningekwenda ningemwuliza maswali ya mwandishi wa habari, naye angenijibu majibu ya Siku ya Mashujaa. Alichonipa ni kipimo cha kweli. Karibu na Landrova moja walipita mamia kwa miguu. Ukitaka kuijenga vita ile mezani kwa haki, gari ni moja na watu hawana idadi, kila mmoja wa sentimita 17. Wajenzi wa mifano wanapenda mashine kwa sababu mashine ina kona zilizonyooka. Mtu ni mgumu. Nimejaribu mmoja kwa waya na udongo wa mfinyanzi, anafanana na kiazi chenye bunduki.

(Nikipata bati la kutosha, ijayo ni Sherman. Afrika Mashariki ilikijua kifaru hicho mara mbili: kwanza Kongwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipokigeuza trekta la kung'oa visiki kwenye ule mradi wao wa karanga uliokufa, halafu kwenye jeshi la Amin, lililokipata kwa Waisraeli. Sijui chombo kingine cha vita kilichoshindwa kwetu kwa njia mbili tofauti namna hiyo.)

Kuhusu zile picha zinazokosekana, ninachotaka ni kidogo na hakina gharama. Jeshi lina wapiga picha wake. Picha za magari yaliyokwisha kutupwa, ya miaka hamsini iliyopita, na orodha ya yalikotoka, zitolewe mahali raia anapoweza kuziona bila barua yenye mihuri mitatu. Pale mjini Boma la Wajerumani ni makumbusho, na Azimio la Arusha lina makumbusho yake; chumba kimoja hakiwezi kukosekana. Nchi hii hii ilianzisha kituo cha Nyumbu pale Kibaha ili ijiundie lori lake yenyewe, ndani ya jeshi, na mafundi wa aina hiyo wanaanza na waya na ndala. Kijana anayefundishwa amali shuleni leo angefaidika zaidi kuona Landrova ilivyoungwa ribiti kwa ribiti kuliko kuchora kiti.

Na haraka ipo. Aliyekuwa na miaka 20 alipovuka Mutukula sasa anakaribia sabini. Afande wangu amenielekeza kwa mwenzake wa Ngaramtoni ambaye alikuwa dereva, dereva kweli, aliyeshika usukani wa Landrova kuanzia Kyaka. Anasema macho yamepungua lakini mikono bado. Nitampelekea gari ashike uso wake kwa vidole. Akisema taa ziko mahali pasipo pake, nitazing'oa hapo hapo mbele yake.